Muhula wa Viraka

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza leo na mvua nayo imeanza leo. Profesa amenikabidhi darasa lake la mwaka wa tatu, lile la namba changamano. Macho yake hayaoni tena ubaoni, na kitabu anakisogeza mpaka kiguse pua. "Utawafundisha wewe," aliniambia. "Si nilikufundisha mwenyewe humu humu?" Nikaitikia, "Ndiyo, Profesa." Mimi mwenye ulimi mrefu kiasi hiki, mbele ya mzee yule huwa sina neno lingine.

Nimeanza kuandika shajara kwa sababu muhula huu ni wa kufa na kupona. Mwezi wa sita ninatetea tasnifu yangu ya udaktari. Nikipita, chuo kinaniajiri moja kwa moja. Nisipopita, mkataba wangu umekwisha na hii nyumba ya chuo tunayokaa mimi na Mama tunairudisha. Nimeliandika wazi ili nisije nikajidanganya mbele ya safari.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Chaki imeingia unyevu, haiandiki. Nusu ya darasa walisinzia bila hata aibu.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimewafundisha sharti ambalo somo zima limelikalia. Nimeona niliandike hapa kwa lugha ya nyumbani, maana Mama aliniuliza ninafundisha nini nikabaki kung'ang'ania maneno makubwa kama mwanasiasa.

Kwa namba za kawaida, ukitaka kuifikia nukta fulani una njia mbili tu, unatokea kushoto au kulia. Namba changamano zimetandazwa kama sakafu. Nukta unaweza kuiendea kwa ulalo, yaani kutoka kushoto kwenda kulia, kwa wima, yaani kutoka chini kwenda juu, kwa mshazari, yaani kona kwa kona, au kwa kuzungukazunguka kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha. Fanksheni, yaani kanuni inayopokea namba na kukurudishia nyingine, hunyambulika kwenye nukta hiyo pale tu ambapo kila njia inakupa kiwango kilekile cha badiliko. Njia hazina hesabu, na hakuna mwanadamu atakayezipita zote. Ndipo inapokuja ile milinganyo miwili ya Cauchy na Riemann. Unapima njia ya ulalo, unapima ya wima, unatazama kama zinakubaliana. Zisipokubaliana, kazi imekwisha, hainyambuliki. Zikikubaliana bado kuna sharti jingine: vile viwango vya badiliko visiwe vinarukaruka jirani na nukta, vibadilike kwa utulivu.

Hilo sharti la pili katika idara yetu tunalitaja haraka haraka na kulipita. Profesa amefundisha miaka nenda rudi kwamba njia mbili zinatosha, na sisi sote tuliopita mikononi mwake tunasema hivyo hivyo. Kwa fanksheni za darasani haina madhara, zote ni tulivu kama maji ya mtungini.

Binti mmoja wa kiti cha mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, na njia ya mshazari nani kaipima?"

"Itafuata yenyewe."

"Ifuate kwa nini?"

Darasa likacheka. Nimempa jina, Kiherehere.

Jumanne, 19 Machi

Kiherehere tena. Maswali manne kabla sijaweka mkoba chini.

Jumatatu, 25 Machi

Nilikwenda kwa Profesa kumsomea sura ya tatu ya tasnifu. Anakaa peke yake na vitabu asivyoweza kuvisoma, na kila nikifika ananiuliza kama mvua imekatika, wakati dirisha li wazi mbele yake.

Sura ya tatu ndiyo uti wa mgongo wa kazi yangu. Ninashughulika na fanksheni za viraka, yaani unachukua fanksheni kadhaa, kila moja na eneo lake, unaziunga kwenye mipaka mpaka ziwe moja. Swali ni kama kwenye nukta ambapo viraka vyote vinakutana, fanksheni nzima inanyambulika. Profesa alishalijibu zamani katika makala iliyompa jina. Inaitwa Kanuni ya Viraka: viraka vikishikana mipakani, na ile milinganyo miwili ikitimia pale vinapokutana, basi inanyambulika. Mimi nimejenga ghorofa yangu juu ya msingi huo.

Nilimsomea mpaka mwisho wa uthibitisho wake, nilioukopi kama ulivyo. Kuhusu lile sharti la utulivu ameandika: "Ni dhahiri kwamba fanksheni za aina hii zinalitimiza." Akatabasamu kusikia maneno yake. Kisha, kwa kusikia nilipopumzika tu, akaniambia nimekosea mkato kwenye ukurasa wa pili, na kweli nimekosea. Ninampenda mzee huyu jamani. Wakati walimu wengine walisema nina mdomo kuliko akili, yeye alisema, "Nipeni mimi huyo."

Jumatatu, 1 Aprili

Mama anakohoa. Dari la jikoni linavuja.

Ijumaa, 5 Aprili

Sina raha. Naandika ili nipoe.

Nilikuwa ofisini na mwenzangu wa takwimu, ambaye tunagawana chumba na birika, Kiherehere akabisha hodi. Nilimwambia nina kazi. Akasema, "Dakika moja tu, Mwalimu," akaingia. Akachora mistari miwili, mmoja wa ulalo, mmoja wa wima, ikakatana kwenye sifuri. Vyumba vinne. Kila chumba akakipa kiraka chake. Ukivitazama kwa pamoja ni kitu chepesi mno: zidisha x ya ulalo na y ya wima, ukipata jibu hasi litoe alama ya hasi, kisha chukua kipeuo cha pili.

"Hii ni fanksheni ya viraka, siyo?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mipakani vinashikana?"

Vinashikana. Kwenye mistari yote miwili jibu ni sifuri tupu. Nenda kwa ulalo, ni bapa. Nenda kwa wima, ni bapa. Kiwango cha badiliko ni sifuri huku na sifuri kule, milinganyo yote miwili imetimia pasipo shida.

"Sasa pita kwa mshazari, Mwalimu."

Nikapita. Kwa mshazari x na y ni sawa, kwa hiyo zao lao ni mraba, na kipeuo chake ni x yenyewe bila alama. Fanksheni inapanda. Ukitoka upande huu inapanda, ukitoka upande wa pili nao inapanda, hapo katikati imevunjika kama kiwiko. Hainyambuliki hata kwa kubembeleza.

Yeye alikuwa anatabasamu, masikini, kama mtu aliyeleta zawadi. "Nilidhani nimekosea," alisema. "Nimeirudia wiki nzima. Nimekosea wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Huu ni mfano wa kubuni. Hautokei katika kazi za kweli. Nenda ukasome mtihani."

Alipotoka, mwenzangu wa takwimu akasema bila kuinua kichwa, "Mbona umekuwa rangi ya majivu?"

"Njaa."

"Basi kale."

Sikula. Nilikaa na karatasi ya yule binti mpaka wafagiaji wakanitoa.

Jumanne, 9 Aprili

Leo aliuliza darasani, mbele ya wote, kama Kanuni ya Viraka ina uhakika. Nikamkata kauli. Nilimwambia hapa tunasoma hesabu, hatuendeshi kesi. Kanuni imechapishwa na watu waliokwisha kufanya kazi hii kabla yeye hajazaliwa, na akitaka sifa akaimbe. Wenzake wakaangua kicheko. Aliinamisha kichwa akafunika kalamu yake.

Nilijisikia mkubwa kwa muda wa kushuka ngazi tu. Nilipofika chini nilijichukia.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Kiherehere hakuuliza kitu.

Jumatano, 24 Aprili

Siku zote hizi nimekuwa nikijaribu kuziba ufa. Njia ni moja na kila mtu aliyesoma kitabu anaijua: ongeza lile sharti waziwazi, dai viwango vya badiliko viwe tulivu kuzunguka nukta. Ukiliongeza, kanuni inakuwa kweli. Lakini ukiliongeza, viraka vyangu vyote vya maana vinabaki nje ya mlango, maana uzuri wao wote uko katika kurukaruka kwao. Sura ya tatu inabaki na mifano ambayo hata mtoto angeijua. Sura ya nne na ya tano zinakwenda na maji.

Nikapiga moyo konde nikaenda kwa Profesa. Nilimkuta anasikiliza redio. Nikamwambia, "Profesa, kuna tatizo kwenye neno dhahiri."

Alizima redio. Nilimweleza kwa mdomo, vyumba vinne, sifuri huku, sifuri kule. Nilipofika kwenye mshazari akainua mkono. "Basi."

"Sijamaliza."

"Nimesema basi." Sijawahi kumsikia na sauti ile. Alikaa akisugua goti. "Unatetea lini?"

"Tarehe tatu mwezi wa sita."

"Tetea kwanza. Ukishakuwa daktari utaandika marekebisho, utaweka jina lako, hakuna atakayekuuliza. Ukilitoa sasa, wewe hupati kitu na mimi wananizika nikiwa hai. Nani mwingine analijua?"

"Hakuna," nikasema.

Nimemdanganya Profesa ili kumlinda Kiherehere, au nimemfuta Kiherehere ili kujilinda mimi. Nimejiuliza njia nzima.

Alhamisi, 2 Mei

Mama amepanda mboga nyuma ya nyumba. Anasema udongo wa hapa ni mzuri, mwaka kesho ataongeza tuta. Nikaondoka pale nisije nikasema neno.

Jumatatu, 6 Mei

Profesa ndiye mtungaji wa mtihani, mimi ni vidole vyake. Leo amenitajia maswali, nami nikayachapa. Swali la mwisho ndilo lenye alama nyingi: kuna fanksheni ya viraka, thibitisha kuwa inanyambulika kwenye sifuri. Nikaijaribu papo hapo kwa mshazari pembeni mwa karatasi. Hainyambuliki.

"Profesa, swali hili..."

"Liko katika kanuni."

Nikangoja aseme zaidi. Alikuwa amegeuzia uso wake dirishani, na mashavu yalikuwa yanamtetemeka. Nilikuwa ninamwogopa mtu huyu kama radi. Leo nilimwona yeye ndiye anayeogopa, na kuona hivyo hakukunipa nguvu, kulinipa huruma, na huruma ikanifunga mdomo zaidi. Nikalichapa swali lilivyo. Hata mikato niliiweka vizuri.

Jumanne, 14 Mei

Mtihani umefanyika. Nilisimamia mwenyewe. Kiherehere alifika kwenye swali la mwisho, akaweka kalamu chini, akaniangalia. Nilijitia kukagua saa ya ukutani. Baadaye akaandika haraka haraka, akakusanya, akatoka wa kwanza.

Karatasi ziko kabatini. Nitazisahihisha nikimaliza utetezi. Najua ameandika nini. Atakuwa ameukata mtihani wetu vipande vipande, na mwongozo wa kusahihisha unanitaka nimpe sifuri. Nikimpa alama zake, Profesa atauliza, idara itauliza, kila kitu kitafumuka.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua imepungua. Nimefua mapazia yote. Mama ananiuliza nani anakuja.

Jumatatu, 3 Juni

Nimepita.

Mtahini wa nje alitoka mbali na alikuwa na mafua. Aliuliza kuhusu utangulizi, aliuliza kuhusu marejeo, na sura ya tatu aliifungua nikamwona anaisoma. Kidole chake kikafika kwenye lile neno dhahiri. Kikapita. Akasema, "Hii ni kanuni ya Profesa, tunaifahamu sote," akafungua ukurasa mwingine.

Kumbe ndivyo ilivyo. Miaka yote hii kila mmoja amepita pale akiamini aliyemtangulia ameshakagua.

Walinipigia makofi. Mkuu wa idara akaniita Daktari mbele ya watu. Kilemba cha ukoka kilinikaa vizuri sana kichwani, kila mtu akakisifu. Profesa alinishika mikono yote miwili akasema, "Mwanangu," na mikono yake ilikuwa ya baridi. Mama alilia kwa furaha mpaka kanga ikalowa. Mimi pia nililia, na kila mtu akadhani ni furaha ileile.

Ijumaa, 7 Juni

Nimesahihisha.

Karatasi ya Kiherehere niliiweka ya mwisho kabisa. Nilikuwa nimeshaamua. Nilijiambia, sasa ni daktari, kibarua ninacho, nitampa alama zake zote na liwalo na liwe. Nilikuwa nimejipanga hata cha kumwambia Profesa. Nilijiona mtu mwema.

Nikafungua. Ameandika: "Kwa Kanuni ya Viraka, tunapima njia ya ulalo na njia ya wima. Zinakubaliana. Kwa hiyo inanyambulika." Mwandiko safi, hatua zote zimefuatana, hakuna palipokatwa. Ni uthibitisho mzuri kuliko wote darasani, na ni uongo mtupu, na yeye anajua ni uongo.

Mwongozo unasema alama zote. Nimempa alama zote. Ndiye wa kwanza darasani.

Jumatatu, 10 Juni

Nilimngojea nje ya maktaba. Alikuja na bahasha kifuani, akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu." Akakumbuka. "Samahani, Daktari. Hongera."

Nikamvuta pembeni. "Kwa nini hukuandika unalolijua?"

Alinitazama kwa mshangao, kama vile nimemuuliza kwa nini watu wanavaa viatu. "Nilitaka kufaulu."

"Lakini ulijua si kweli. Ulinionyesha mwenyewe. Ulikuwa sahihi, unasikia? Tangu siku ile ofisini ulikuwa sahihi na mimi nilijua."

Nilitegemea hasira. Ningeipokea hasira kwa mikono miwili. Lakini aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa:

"Si ndivyo na wewe ulivyofaulu?"

Nikauliza bahasha ni ya nini. Ametoka kwa mkuu wa idara. Kuanzia muhula ujao anahamia uhasibu. Nikamwambia hawezi, yeye ndiye wa kwanza darasani. Akasema ndiyo, ameona matokeo, na ndiyo maana.

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi nimekwenda ofisi ya shahada za juu nikaiondoa tasnifu kabla haijapelekwa kujalidiwa. Karani alidhani nimechanganyikiwa. Aliniuliza sababu, nikamwambia sura ya tatu si kweli. "Yote?" Nikamwambia neno moja, na mengine yote yamelikalia.

Mkuu wa idara ameniita, amefoka, ameniambia mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi kama ulivyoandikwa. Nilimwambia Mama wakati anamwagilia mboga. Alisimama na kopo mkononi. Akauliza, "Umefukuzwa au umeondoka?" Nikasema sijui jina lake. Akamalizia kumwagilia tuta zima, kisha akaingia ndani kutafuta maboksi. Mpaka sasa hajaniuliza tena, na afadhali angeniuliza.

Mchana nilikwenda kwa kina Kiherehere. Mama yake alinikaribisha kiti. Binti mwenyewe alitoka, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema asante.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudi tena kwao asubuhi. Halafu nikaenda kwa Profesa. Nilitaka asikie kutoka kwangu, lakini habari zilishamfikia. Hakunikaribisha kukaa. Nikakaa.

"Umeniua," alisema.

"Ndiyo, Profesa."

Nilidhani ataniambia niondoke. Badala yake akavuta meza ndogo karibu na magoti yake, akapapasa juu yake kwa kiganja. "Chora," alisema. Nikamwambia sina chaki. "Chora kwa kidole changu."

Nikakishika kidole chake cha shahada. Nikakipitisha kwa ulalo, nikamwambia, sifuri, sifuri, sifuri. Nikakirudisha katikati nikakipitisha kwa wima. Sifuri. Kisha nikakipeleka kwa mshazari. Akaanza kunong'ona mwenyewe, x mara x, kipeuo chake, x. Kidole kikasimama. Akakirudisha nyuma kwa mshazari uleule, kikapita katikati, kikatokea upande wa pili. Alifanya hivyo mara kadhaa bila mimi kumshika. Nikamwona anacheka kidogo, cheko ambalo sijalisikia tangu nikiwa mwanafunzi wake, cheko la mtu aliyeona kitu kizuri.

"Umeipata wapi hii?"

"Si yangu. Ni ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Aliileta mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne!" Akanigeukia. "Na ulisema hakuna anayejua." Hakungoja nijibu. "Mlete. Mlete leo hii hii. Mtu anayeona hivi katika mwaka wa tatu haachwi akazurura, anafungiwa mlango na kupewa kazi. Nataka anieleze mwenyewe. Kiti hiki hapa atakaa yeye, wewe utakaa kule."

"Amehamia uhasibu, Profesa."

"Mwambie arudi."

"Nimemwambia."

"Mwambie ni mimi ninayemwita. Mwambie nimekubali kuwa nimekosea, nitalisema mbele ya idara nzima."

"Nimekwenda kwao jana, na leo asubuhi nimekwenda tena. Nimemwambia yote, na hilo la wewe kukubali kosa nimelisema kabla hujalisema. Anasema hana imani nasi. Wewe wala mimi."

Profesa akavua miwani akaishika mikononi, na hakuivaa tena mpaka nilipoaga.